Likizo ya pwani ya Tanga: Funga begi la dawa kabla ya begi la nguo

Shule zinapofungwa Desemba, familia nyingi za Arusha, Moshi, Dodoma na Dar es Salaam huanza kuulizana: mwaka huu twende wapi? Wengi siku hizi wanaitazama pwani ya kaskazini, kuanzia Bagamoyo na Saadani, kupanda Pangani hadi Tanga mjini. Ni uamuzi mzuri. Huko kuna fukwe tulivu, magofu ya Kaole na Tongoni, mapango ya Amboni, na Saadani, hifadhi ya taifa pekee nchini inayopakana na bahari.

Wazazi wanaonijia kliniki kabla ya safari huuliza maswali mazuri kuhusu dawa. Tatizo ni kwamba wengi huja siku moja kabla ya kuondoka, tiketi ziko mkononi. Mpendwa msomaji, panga afya ya safari wiki tatu au nne kabla, hasa kama katika familia yupo mwenye ugonjwa wa kudumu, mjamzito, mtoto mchanga au mzee. Leo tupange pamoja.

Uende mwezi gani?

Likizo zetu mbili kubwa, ya Juni na ya Desemba, si sawa kwa mwili. Desemba upepo wa kaskazi umeanza, jua ni kali, na unyevu wa pwani huzuia jasho kukauka, kwa hiyo mwili unashindwa kujipoza. Anayetoka Dodoma kwenye joto kavu hushangaa kuona kwamba joto la Tanga linamchosha zaidi. Mzee mwenye presha anayetumia dawa za kukojosha, na mtoto mdogo, ndio wanaoishiwa maji upesi.

Juni na Julai kuna kusi. Hewa ni ya baridi kidogo, lakini bahari huchafuka, na masika yaliyopita huwa yameacha mbu wengi. Kama una mzee mwenye moyo dhaifu na unaweza kuchagua, Juni itamfaa zaidi. Kama lengo ni watoto kuogelea kwenye maji tulivu, Desemba ni bora, ila ratiba ifuate jua: bahari asubuhi na jioni, na kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni kila mtu awe kivulini. Kwa mwenye ualbino hili ni la lazima, pamoja na kofia pana, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua yanayopakwa upya kila baada ya saa mbili na kila anapotoka majini.

Malaria: hatari inayorudi nawe nyumbani

Wasomaji wa Arusha na Kilimanjaro, hapa naomba mnisikilize kwa makini. Mikoa yenu ina malaria kidogo sana ukilinganisha na Tanga na Pwani. Hiyo ni heri, lakini maana yake ni kwamba watoto wenu hawana ile kinga kiasi ambayo mtoto aliyeumwa malaria mara kadhaa huwa nayo. Wakiipata, inaweza kuwapanda kichwani haraka.

Tena vimelea haviugui siku ile ile ya kuumwa na mbu. Huchukua siku saba au zaidi, mara nyingi wiki mbili. Kwa hiyo mtoto anaondoka Pangani mzima, anarudi shule, halafu homa inaanza. Nimempokea mtoto wa namna hiyo baada ya siku nne za kutibiwa mafua nyumbani, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kutaja safari. Alikuwa ameanza kupata degedege. Alipona, lakini siku nne hizo zilikuwa nyingi mno.

Hivyo beba chandarua chenye dawa hata kama hoteli imesema wanacho, maana chao kinaweza kuwa kimetoboka. Kuanzia magharibi vaa nguo ndefu na pakaa dawa ya kufukuza mbu. Mjamzito asikose dozi zake za SP kliniki. Mwenye selimundu aliyepangiwa dawa ya kuzuia malaria asiiache hata siku moja. Kisha, kwa wiki nne baada ya kurudi, homa yoyote ichukuliwe kuwa malaria mpaka kipimo cha haraka kiseme vinginevyo. Mwambie mhudumu kwa sauti: tulikuwa Tanga. Ukipewa dawa mseto, maliza dozi zote sita kwa siku tatu, na unywe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa ili ifanye kazi vizuri.

Mwenye ugonjwa wa kudumu na asafiri, ila kwa mpango

Hakuna sababu ya kumwacha nyumbani mtoto mwenye selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoiita. Lakini jua vinavyomwamshia maumivu: kukosa maji, uchovu, baridi na maambukizi. Safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Tanga ni kama kilomita 350, na wazazi wengi humnyima mtoto maji ili asiombe kushuka kukojoa. Kwa mtoto huyu usifanye hivyo kamwe. Awe na chupa yake, anywe kidogo kidogo njia nzima. Baharini akae muda mfupi, akitoka akaushwe na avae nguo kavu papo hapo, maana upepo ukimpiga akiwa ameloa unaweza kumletea maumivu usiku. Haidroksiurea, foliki na penisilini ziende naye. Homa ya nyuzi 38 au zaidi kwake si ya kusubiri asubuhi. Mpeleke hospitali saa ile ile.

Mwenye kisukari anayetumia insulini awaze kuhusu joto. Chupa iliyofunguliwa kwa kawaida huvumilia wiki nne hivi kama joto halizidi nyuzi 30, na Tanga ya Desemba huzidi hapo. Uliza mapema kama mnakofikia kuna friji, na insulini isikae karibu na barafu, maana ikiganda haifai tena. Isiwekwe kwenye buti la gari wala begi linaloachwa juani. Vyungu viwili vyenye mchanga mbichi katikati husaidia, ingawa kwa unyevu wa pwani havipoi kama kule bara. Jambo la pili ni miguu. Mchanga wa saa saba mchana unaunguza, na matumbawe yanakata kama wembe. Mguu uliopoteza hisia hautakuambia. Vaa viatu mpaka ndani ya maji, na ikaguliwe miguu yote miwili kila jioni.

Mwenye pumu awe na pampu yake mfukoni, si kwenye begi lililofungwa juu ya basi. Mapango ya Amboni yana popo wengi, na vumbi la kinyesi chao huweza kukaba kifua, kwa hiyo mwenye pumu kali ayaone kwa nje. Wengine wakiingia wasiwaguse popo, na wakitoka wanawe mikono kwa sabuni.

Anayetumia dawa za presha, kifafa, au za kufubaza virusi vya UKIMWI abebe za siku zote za safari na za wiki moja zaidi. Kituo chako kinaweza kukupa za ziada ukieleza mapema. Gawanya dawa sehemu mbili, katika mifuko miwili tofauti, ili begi moja likipotea usibaki mikono mitupu. Na piga picha ya cheti cha dawa kwa simu.

Maji ya bahari na maji ya mto

Bahari ya huku inapwa na kujaa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda na kushuka kwa mita kadhaa. Mtoto aliyekuwa akicheza kwenye dimbwi la maji ya magotini anaweza kuzingirwa. Kabla ya kuingia, muulize mvuvi: maji yanajaa saa ngapi, na mkondo uko wapi? Yeye anajua kuliko mhudumu wa hoteli.

Mnaopanga kwenda Maziwe, kile kisiwa cha mchanga mbele ya Pangani, mkumbuke kwamba hakina mti hata mmoja wa kukupa kivuli, na maji yakijaa sana chenyewe hufunikwa. Mwavuli, maji ya kunywa na jaketi la kuelea kwa kila mtoto viwemo botini kabla ya nanga kung'olewa.

Mtoto wa chini ya miaka mitano akiwa majini, mtu mzima mmoja awe karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono, bila simu mkononi. Mkipeana zamu mtajane kwa jina. Kundi la wajomba na mashangazi kumi pale ufukweni si ulinzi, kwa sababu kila mmoja anadhani mwenzake anaangalia. Kuzama hakuna kelele kama kwenye sinema, mtoto hushuka kimya kimya. Ukimtoa hapumui, usimning'inize miguu juu wala kumkamua tumbo. Mlaze chali, mpulizie pumzi, kisha kandamiza kifua, na uendelee huku mwenzako akitafuta gari. Aliyezama akazinduka, hata kama anacheka, lakini anakohoa au anapumua kwa shida, lazima aonwe hospitali siku hiyo.

Ukichomwa na taa, au ukikanyaga mnyama wa baharini mwenye miiba mirefu myeusi, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto yanayovumilika, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Joto hupunguza maumivu ya sumu. Ayapime kwanza mtu mzima mwingine kwa kiwiko, maana aliyeumia anaweza kujiunguza bila kujua. Halafu nenda kituo cha afya mwiba utolewe na chanjo ya pepopunda iangaliwe.

Mito ni hadithi nyingine. Wami na Pangani ina mamba, na madimbwi ya maji baridi yanaweza kuwa na kichocho. Watoto waoge baharini.

Mezani

Samaki wabichi wa Tanga ni raha ya safari. Lakini kuna vitu viwili ambavyo moto hauvisafishi. Cha kwanza ni bunju, samaki anayejivimbisha. Sumu yake haifi kwa kupikwa. Cha pili ni kasa. Machi 2024, huko Kisiwa Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Mama anayenyonyesha akiila, sumu inaweza kumfikia mtoto kupitia maziwa. Ukikaribishwa, shukuru na ukatae.

Mtoto akiharisha, changanya pakiti moja ya ORS na lita moja ya maji salama, ampe mama kidogo kidogo kwa kijiko, na kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Ongeza zinki kwa siku kumi hadi 14. Dafu ni kinywaji kizuri lakini halichukui nafasi ya ORS, na mwenye ugonjwa wa figo aliepuke kwa sababu lina potasiamu nyingi. Mtoto wa chini ya miezi sita, hata joto liwe kali vipi, anahitaji maziwa ya mama tu. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Usimpe maji.

Jua hospitali iko wapi kabla ya kuihitaji

Ukiwa Tanga mjini uko karibu na Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa. Ukiwa Pangani, Bombo iko mwendo wa takriban kilomita 50, na ukiwa kambini Saadani uko mbali zaidi. Siku ya kwanza muulize mwenyeji mambo matatu: kituo cha afya kilicho karibu, gari litakalotumika usiku, na kama bima yenu inapokelewa. Mjamzito, aliyejifungua au mwenye kichanga ahifadhi namba 115 ya m-mama, ambayo ni bure.

Begi lenyewe basi liwe na hivi: dawa za kila mtu na picha ya vyeti, kadi ya kliniki ya mtoto na kadi za bima, kipima joto, parasetamoli, ORS na zinki, dawa ya kufukuza mbu, chandarua, bandeji na sabuni ya kusafishia vidonda. Kama mtoto anatimiza miezi tisa au 18 wakati wa likizo, apate chanjo ya surua na rubela kabla hamjaondoka, isije ikasahaulika.

Haya yote yanaweza kukutisha, mama au baba unayesoma. Yasikufanye ughairi. Yaandike kwenye karatasi moja, uibandike mlangoni, uweke alama kila unapokamilisha jambo. Na ukifika nyumbani, usiitupe karatasi hiyo. Andika juu yake tarehe mliyorudi, hesabu wiki nne, na kila mtoto atakayesema kichwa kinauma ndani ya wiki hizo apimwe malaria siku hiyo hiyo.

Nawatakia likizo njema.