Korongo, Ufa na Bonde: Maneno ya Siku Moja Jangwani

Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea tafsiri ya kipeperushi cha watalii kuhusu Antelope Canyon, karibu na mji wa Page katika jimbo la Arizona, Marekani. Wageni huweza kuifikia sehemu moja ya mahali hapo kwa chombo kidogo cha majini, kisha wakashuka na kuendelea kwa miguu kati ya kuta za miamba. Sarufi ya tafsiri ile ilikuwa safi. Hata hivyo, mahali hapo palikuwa pametajwa kwa majina manne: bonde, pango, ufa na korongo. Makala haya yanaeleza kwa nini ni moja tu kati ya hayo linalofaa.

Bonde ni ardhi ya chini iliyo kati ya milima au vilima, na aghalabu huwa pana kiasi cha kulimwa. Pango lina paa, ilhali katika Antelope mtu akiinua macho huona utepe wa anga. Linabaki suala la ufa na korongo, na hapa tofauti iko katika chanzo. Ufa hutokea kitu kinapopasuka, kama vile ukuta au udongo mkavu. Korongo huchimbwa na maji yaendayo kasi. Miamba ya Antelope ni mchanga ulioshikamana ukawa jiwe, nayo maji ya mvua yaliyobeba changarawe yaliisugua kwa muda mrefu mno hata kuta zikawa na sura ya mawimbi. Kwa hiyo neno sahihi ni korongo. Na kwa kuwa kuta zake zimekaribiana sana, tuseme korongo jembamba, wingi makorongo membamba.

Msomaji asihofu kwamba neno hili litachanganywa na jina la ndege mwenye miguu mirefu, kwani upatanisho wa kisarufi huondoa utata. Linganisha: "Korongo mwembamba amesimama majini" na "Korongo jembamba limejaa maji." Sentensi ya kwanza inahusu ndege, ya pili inahusu ardhi.

Kuhusu chombo, mtafsiri aliandika mtumbwi. Mtumbwi huchongwa kutokana na gogo moja, na uko wazi juu. Chombo kinachozungumziwa hapa kina asili yake kwa Wainuiti wa nchi za barafu, ambao walikijenga kwa kiunzi na kukifunika kwa ngozi za wanyama wa baharini. Tukiite kayaki, katika ngeli ya I-/ZI-. Mtumiaji wake hashiki kasia. Kasia huegemezwa kwenye ubavu wa chombo, na avutaye makasia kwa kawaida hukipa kisogo kule aendako. Kafi hushikwa mikononi bila kuegemezwa, na mpiga kafi hutazama mbele. Basi mtu hupiga kafi katika kayaki. Tofauti ni kwamba kafi hilo lina ubapa katika ncha zote mbili.

Maji yanayopitiwa na kayaki hizo huitwa Lake Powell, nayo yalianza kukusanyika mwaka 1963 nyuma ya ukuta uliojengwa kuuzuia mto Colorado. Kwa Kiswahili, maji yaliyozuiwa na binadamu ni bwawa, kama tusemavyo Bwawa la Mtera. Jina rasmi libaki kama lilivyo, lakini katika maelezo ni heri kuandika bwawa.

Neno la mwisho ndilo zito kuliko yote. Kipeperushi kilionya kuhusu mafuriko ya ghafla. Mtafsiri akaandika mafuriko tu. Kufurika ni kujaa hata kumwagika, na msikilizaji wa neno hilo huweza kufikiria maji yanayopanda polepole, yanayompa mtu nafasi ya kuondoka. Katika korongo jembamba nafasi hiyo haipo. Tarehe 12 Agosti 1997, watalii 11 walikufa katika sehemu ya chini ya Antelope kwa maji ya mvua iliyonyesha mbali na pale walipokuwa. Siku hizi hakuna mgeni anayeruhusiwa kuingia katika eneo hilo la ardhi ya Wanavajo bila kiongozi. Nasi hatuko mbali na hatari hiyo: mwezi Septemba 2019, watu saba walifariki kwa namna hiyo katika korongo la Hifadhi ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, Kenya. Katika onyo, basi, neno ghafla halipunguzwi, na ni vyema kuongeza maelezo: "Maji huweza kuja ghafla hata kama hapa hakuna mvua."

Wanavajo wenyewe huiita sehemu ya juu ya Antelope Tsé bighánílíní, yaani mahali maji yapitapo katika miamba. Jina hilo linataja maji, na neno korongo nalo linayabeba katika maana yake. Ufa, pango na bonde hayamkumbushi msomaji kwamba njia anayoipita kwa miguu ni njia ya maji. Nilimwomba mwanafunzi wangu afute majina yale matatu, naye akafanya hivyo.