Mkuki, Ngao na Sime

Kila tarehe 25 Julai Tanzania huwakumbuka mashujaa waliokufa wakiitetea nchi, wakiwamo askari wa vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Gwaride husimama mbele ya mnara. Tarumbeta hulia, watu hunyamaza. Rais huweka mkuki na ngao. Mkuu wa Majeshi huweka sime.

Mbona si bunduki? Silaha hizi ni za babu zetu. Zatukumbusha kwamba nchi ilikuwa na watetezi kabla Jeshi la Wananchi halijaundwa mwaka 1964. Nao wastahili heshima ileile.

Sasa andikeni: mkuki, ngao, sime. Kisha mwulizeni mzee: nani wa kijiji chetu hakurudi vitani? Liandikeni jina lake.