Avumaye Baharini Papa
Maji ya kijito cha Theta, huko baina ya Ruiru na Thika, hushukia Mto Athi, yakafika pwani kwa jina la Sabaki, yakamwagika baharini kaskazini ya Malindi yakiwa mekundu kwa udongo. Na mgeni atokaye Theta, akanyagapo ufuo, huuliza kwanza habari za papa.

Tumjibu kwa insafu. Papa hanuii kumla mwanadamu. Hufuata damu na mtukutiko wa maji, na aumapo, mara nyingi amekosea windo. Duniani kote huumwa watu wapatao 70 kwa mwaka bila kumchokoza, na wafao kwa kawaida hawafiki 10. Sisi ndio tumlao yeye! Na papa shilingi, mkubwa kupita samaki wote, hula hasa vijidudu.

Hata hivyo, tahadhari si woga. Usiogelee mlangoni mwa mto maji yakivurugika, wala magharibi ikiingia. Mpiga mbizi asifunge kiunoni samaki wavujao damu.

Wahenga walisema: avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo. Mkondo huzamisha wengi kuliko jino la papa. Mgeni, waulize wavuvi kwanza, kisha uingie.