Karoti uza, kitunguu weka: Hesabu ya ghala kwa mwenye mtaji mdogo

Kila kiangazi mazao ya bustani huingia sokoni Kilosa kwa wakati mmoja na bei huanguka. Mwenye mtaji mdogo pale Magomeni, mwenye chumba kitupu au banda uani, hujiuliza: ninunue sasa, niweke, niuze bei ikipanda? Jibu linategemea mambo mawili: zao lenyewe, na kilo zitakazobaki siku ya kuuza.

Karoti haingoji

Katika nchi za baridi mkulima hufukia karoti kwenye mchanga mbichi ghalani na kuzila miezi kadhaa. Kinachozihifadhi hasa ni baridi. Karoti hudumu katika joto linalokaribia nyuzi 0 za Sentigredi na unyevu wa hewa wa asilimia 95 au zaidi. Kilosa, mji wa bondeni kando ya Mto Mkondoa, haupati baridi hiyo mwezi wowote. Mchanga huo huo hapa utazichipusha na kuziozesha.

Kwa hiyo karoti zinazoshushwa kutoka Mgeta au Lushoto ni biashara ya siku chache. Kata majani mapema, kwani yanaendelea kunyonya maji ya mzizi. Ziweke kivulini, zifunike gunia lililolowanishwa, uziuze. Anayetaka kuongeza siku kidogo anaweza kujenga kibanda chenye kuta za mkaa unaonyunyiziwa maji. Hupoza vizuri hewa ikiwa kavu.

Kitunguu kinapenda joto kavu

Kitunguu maji ni kinyume cha karoti. Kisipokuwa kwenye chumba cha baridi, hukaa vizuri katika joto la nyuzi 25 hadi 30 na unyevu wa asilimia 60 hadi 70. Joto la kati, nyuzi 10 hadi 20, ndilo linalokifanya kichipue haraka. Kwa hiyo joto la Kilosa linaloua karoti humsaidia mwenye vitunguu, mradi hewa ni kavu. Tena mazao haya mawili yasikae chumba kimoja: unyevu unaoifaa karoti huozesha kitunguu.

Bahati nzuri zao lenyewe liko karibu. Malolo, upande wa Mikumi, hulima vitunguu vya kumwagilia, na jirani yake ni Ruaha Mbuyuni, mkoani Iringa.

Faida huanzia shambani

Ghala haliponyi kitunguu kibovu. Kabla ya kulipa, muulize mkulima aliacha lini kumwagilia. Wiki mbili hadi tatu kabla ya kuvuna ndiyo kawaida nzuri. Kilichorundikiwa mbolea ya chumvichumvi mwishoni hakidumu. Nunua kilichovunwa baada ya majani mengi kulala yenyewe, kikaanikwa hadi shingo ikakauka na ganda la nje likatoa mlio ukilisugua. Majani yakatwe na kuacha shingo ya sentimeta 2 hadi 3, kwani kukata karibu mno ni kufungulia ugonjwa mlango.

Chambua siku ya kwanza. Vyenye shingo nene, vilivyotoa maua, vya mapacha na vyenye majeraha viuzwe wiki hiyo hiyo.

Nunua kwa mizani. Lumbesa imekatazwa na sheria ya vipimo, na asiyejua alinunua kilo ngapi hawezi kujua ghala limemla kiasi gani.

Banda lenyewe

Banda lisijengwe mahali pa maji; Kilosa haijasahau mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010. Paa la nyasi ni zuri, kwani bati tupu huchoma. Kuta ziwe za fito au mianzi zipitishe upepo. Vitunguu vikae kwenye vichanja vilivyoinuliwa kutoka sakafuni, kwa tabaka jembamba. Kupanga magunia hadi darini ni kuchemsha vilivyo katikati.

Hesabu

Tuchukue mfano, si bei ya soko. Umenunua kilo 1,000 kwa sh. 1,000 kila moja, sawa na sh. 1,000,000. Banda, vibarua na mifuko sh. 140,000. Jumla sh. 1,140,000.

Zikipotea asilimia 15, unabaki na kilo 850. Bei ya kurudisha fedha yako ni sh. 1,341 kwa kilo.
Zikipotea asilimia 30, unabaki na kilo 700. Bei hiyo inakuwa sh. 1,629.
Zikipotea asilimia 50, unabaki na kilo 500. Sasa unahitaji sh. 2,280.

Hapo bado hujapata faida wala kulipa nauli ya mzigo. Aliyekopa kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi kwa miezi minne aongeze sh. 120,000, hata akipoteza asilimia 15 tu, anahitaji sh. 1,482. Kumbuka pia kwamba kitunguu kisichooza bado hupungua uzito kwa kukauka. Wengi hutazama bei inavyopanda na kusahau kilo zinazoshuka.

Lini uuze

Usingoje bei ya kilele. Gawa mzigo mafungu matatu: la kwanza liuzwe bei ikivuka gharama yako, liokoe mtaji; la pili bei ikiendelea kupanda; la mwisho kabla mvua hazijatulia. Mvua ndizo hupandisha bei, na unyevu wake ndio huozesha ghala.

Kagua kila wiki, toa vilivyooza, pima na uandike daftarini. Harufu ikianza au machipukizi yakitokeza, uza hata kama bei haijakupendeza. Na kabla ya kupakia mzigo wa Dar es Salaam, piga simu ujue kama Mang'ola au Singida wameteremsha mzigo mpya. Malori yao machache yakitangulia, miezi yako ya kungoja inaweza kuishia kwenye bei uliyonunulia.