KIOLEZO CHA HATI NA FEDHA YA MWANACHAMA

Tangu zamani vyama vya ushirika vimeendesha kazi zake kwa vitabu vilivyopigwa chapa. Karani wa mizani anapompokea mkulima haandiki upya jina la chama, wala maneno ya uzito, daraja na bei. Maneno hayo yamo tayari katika stakabadhi. Kazi ya karani ni kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Kwa utaratibu huo stakabadhi ya mkulima wa kwanza asubuhi na ya mkulima wa mwisho jioni huwa na sura moja, na mkaguzi huzisoma bila ya taabu.

Kompyuta ilipoingia katika ofisi za vyama, hekima hiyo ilisahauliwa mahali pengine. Karani anayetakiwa kutayarisha barua za malipo hufungua barua ya msimu uliopita, hufuta kile anachokiona kuwa cha zamani, huandika kipya mahali pake, kisha huchapa. Njia hiyo huonekana kuwa ya haraka, lakini ina hatari kubwa: lile ambalo jicho halikuliona hubaki.

Na tuseme chama kinalipa shilingi 1,200 kwa kilo msimu huu, ilhali msimu uliopita kililipa shilingi 1,150. Karani anabadilisha bei katika aya ya kwanza, anaisahau katika aya ya tatu. Mwanachama aliyeleta kilo 860 atasoma kuwa anastahili shilingi 1,032,000, na chini yake atasoma hesabu ya shilingi 989,000. Tofauti ni shilingi 43,000. Huenda fedha zote zimo benki na hakuna aliyeiba hata senti moja. Lakini mwanachama huyo atafika kwenye mkutano mkuu akiwa na barua yenye muhuri inayojipinga yenyewe, na viongozi watakuwa na kazi ngumu ya kujieleza.

Kiolezo ni nini

Kiolezo ni hati iliyoandikwa mara moja, ikapitiwa na kukubaliwa, kisha ikawekwa ili nyingine zizaliwe kutokana nayo. Ndani yake mna mambo ya aina mbili. Aina ya kwanza ni yale yasiyobadilika: jina la chama, anwani, maelezo ya makato, mahali pa kutia sahihi. Aina ya pili ni yale yanayobadilika: jina la mwanachama, uzito, bei, tarehe. Yale ya aina ya pili hayaandikwi kabisa katika kiolezo, bali huachiwa nafasi zenye majina. Kwa kuwa kiolezo hakina bei ya msimu wowote, bei ya zamani haina pa kujificha.

Programu za kuandikia zina faili maalumu kwa kazi hii. Katika Microsoft Word jina la faili ya kiolezo huishia kwa .dotx, na katika LibreOffice Writer, programu inayopatikana bila ya malipo, huishia kwa .ott. Mtumishi akiibonyeza faili hiyo mara mbili, programu humpa hati mpya isiyo na jina, na kiolezo chenyewe hubaki salama. Anayetumia barua ya kawaida kama kiolezo hana kinga hiyo. Akihifadhi kazi yake kwa kusahau, ameifuta kumbukumbu ya mwaka uliopita.

Kuunganisha na orodha ya wanachama

Faida kubwa hupatikana kiolezo kinapounganishwa na orodha ya wanachama iliyo katika lahajedwali. Mstari wa kwanza wa orodha hubeba vichwa vya safu, kama vile Jina, Kilo, Bei na Malipo, na kila mstari unaofuata ni wa mwanachama mmoja. Programu husoma mstari baada ya mstari na kujaza nafasi zenye majina hayo. Chama chenye wanachama 400 hupata barua 400 kwa kiolezo kimoja na orodha moja.

Hata hivyo, kompyuta hujaza kile ilichopewa, kiwe sahihi au kisiwe. Orodha ikikosewa, barua nazo zitakosewa. Namba za utambulisho hasa zataka uangalifu. Namba ya akaunti inayoanza kwa sifuri, kama 00457, ikiandikwa kama tarakimu za hesabu hugeuka kuwa 457. Namba ya kitambulisho cha Taifa cha Tanzania ina tarakimu 20, ilhali Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za hesabu. Zikiandikwa bila ya vistari, tarakimu 5 za mwisho hugeuka sifuri bila ya onyo lolote. Dawa yake ni kuitangaza safu hiyo kuwa ya maandishi kabla ya kuingiza namba hata moja.

Mabadiliko na ulinzi

Yafaa ifahamike pia kuwa kusahihisha maneno ya kiolezo hakusahihishi barua zilizokwisha kutolewa. Hilo si kasoro. Barua aliyopewa mwanachama ni ushahidi wa yale aliyoambiwa siku ile, na haipasi kubadilika nyuma yake. Kwa sababu hiyo kila kiolezo kiandikwe chini yake tarehe kilipokubaliwa, na kile cha zamani kitengwe, kisitupwe.

Mtu mmoja apewe dhamana ya kubadilisha kiolezo, na mwingine akipitie kabla hakijatumika. Kabla ya kuchapa barua zote, zichapwe chache za majaribio: ya mwanachama mwenye kilo nyingi, ya mwenye kilo kidogo, na ya yule ambaye baadhi ya maelezo yake hayapo. Barua hizo zilinganishwe na daftari la mizani kwa mkono. Saa moja ya kulinganisha ni nafuu kuliko siku nzima ya kuwaita wanachama warudishe barua.

Chama jirani kikihitaji kiolezo, hakuna haja ya kila mmoja kuanza upya. Kusaidiana ndio ushirika. Lakini kinachotolewa ni kiolezo kitupu. Kumpa jirani barua iliyokwisha kujazwa, au orodha yenye majina, namba za akaunti na vitambulisho, ni kutoa siri za wanachama, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayolinda taarifa za namna hiyo. Kiolezo huazimwa, orodha haiazimwi.

Kwa vyama ambavyo havijaanza, hati moja yatosha kwa msimu ujao, nayo iwe barua ya malipo, kwa kuwa ndiyo inayogusa mfuko wa mwanachama. Ikiisha kuzoeleka, itafuata taarifa ya mkutano mkuu, kisha mkataba wa mkopo wa pembejeo. Mwanachama hataiona kazi hiyo ofisini. Atakachokiona ni barua yenye jina lake, kilo zake na hesabu isiyojipinga.