Mwamko wa Ubongo na Kazi ya Kukumbuka

Kushindwa kukumbuka jambo ambalo mtu analijua vizuri ni hali tofauti kabisa na kutolijua, ingawa karatasi ya mtihani huzihesabu hali hizo mbili kuwa kitu kimoja. Kumbukumbu hupitia hatua tatu, yaani ubongo hulipokea jambo, hulihifadhi, kisha hulitoa linapohitajika, na hatua hii ya mwisho hutegemea sana mwamko, ambao ni kiwango cha ubongo kuwa macho na tayari kutenda, kuanzia usingizi mzito hadi hofu kuu.

Msingi wa elimu hii uliwekwa mwaka 1949, pale Giuseppe Moruzzi wa Italia na Horace Magoun wa Marekani walipochochea kwa umeme mtandao wa seli za neva ulio ndani ya shina la ubongo, sehemu inayouunganisha ubongo na uti wa mgongo, wakaona mawimbi ya ubongo wa paka aliyetiwa nusukaputi yakigeuka kuwa kama ya paka aliye macho. Katika shina hilohilo limo doa dogo la rangi ya samawati liitwalo lokasi seruliasi, ambalo kwa binadamu lina seli makumi machache tu ya maelfu, lakini nyuzi zake huenea karibu ubongo mzima zikimwaga noradrenalini, kemikali inayozifanya seli nyingine ziwe sikivu zaidi. Mwaka 1988 Susan Sara na mwenzake walilichochea doa hilo kwa panya walioanza kusahau njia waliyofundishwa majuma kadhaa nyuma, na panya hao wakaikumbuka vizuri zaidi. Kwa hiyo mwamko wa kadiri huisaidia kumbukumbu kutoka ilikohifadhiwa.

Mwamko uliopita kiasi, hasa ule wa hofu, hufanya kinyume chake, na jaribio lililolidhihirisha hilo kwa ustadi wa kupendeza ni la Dominique de Quervain, Benno Roozendaal na James McGaugh, lililochapishwa mwaka 1998 kutoka Chuo Kikuu cha California, Irvine. Panya walifundishwa kuogelea katika birika hadi kwenye jukwaa dogo lililozama chini kidogo ya maji, mahali wasipoweza kuliona, hivyo iliwabidi wakariri lilipo. Kesho yake walirudishwa majini, lakini kabla ya hapo baadhi yao walipigwa shoti ya umeme miguuni: wengine dakika 2 kabla ya jaribio, wengine dakika 30, wengine saa 4. Waliopigwa shoti dakika 2 kabla walikumbuka mahali pa jukwaa, na waliopigwa saa 4 kabla nao walikumbuka. Ni wale wa dakika 30 tu waliovurugikiwa.

Matokeo hayo yanastahili kutafakariwa kwa utulivu, kwa kuwa kama chanzo kingekuwa maumivu au fadhaa ya papo hapo, kundi la dakika 2 ndilo lingeathirika kuliko yote. Kinachofika kileleni yapata nusu saa baada ya mshtuko ni homoni ya kotikosteroni, ambayo kwa binadamu nafasi yake hushikwa na kotisoli, homoni inayotolewa na tezi zilizo juu ya figo na kusafiri kwa damu hadi ubongoni. Watafiti walipotumia dawa ya kuzuia homoni hiyo isitengenezwe, panya wa dakika 30 walikumbuka kama wenzao. Miaka miwili baadaye ilionekana kwamba hata watu waliomeza miligramu 25 za kotisoni, dawa ambayo mwilini hugeuka kuwa kotisoli, saa moja kabla ya kuulizwa maneno waliyojifunza siku iliyotangulia walikumbuka machache zaidi, ilhali kidonge hichohicho kilipotolewa kabla au mara baada ya kujifunza hakikuwa na madhara hayo.

Mwalimu anayewatisha watahiniwa mlangoni mwa chumba cha mtihani, akidhani anawaamsha, huenda basi anawafungia yale aliyowafundisha mwenyewe mwaka mzima, na desturi hiyo haina utetezi wowote katika sayansi ya ubongo.

Kotisoli haizuii kukumbuka peke yake. Hushirikiana na noradrenalini katika amigdala, kiungo kidogo cha ubongo kinachopima uzito wa hisia, na kupitia hapo huidhoofisha kazi ya hipokampasi, sehemu inayokusanya vipande vya tukio na kuviunganisha upya wakati wa kukumbuka. Ndiyo maana propranololi, dawa ya moyo inayozuia sehemu ya kazi ya noradrenalini, ilipotolewa pamoja na kotisoni iliondoa upungufu huo wa kukumbuka, hasa kwa maneno yenye kugusa hisia.

Athari hiyohiyo inayomwumiza mtahiniwa inaweza kumfaa mtu anayeandamwa na kumbukumbu za ajali au vita. Mwaka 2004 de Quervain na wenzake waliwapa wagonjwa 3 wa aina hiyo miligramu 10 za kotisoli kila siku kwa mwezi mmoja, na makali ya kumbukumbu hizo yakapungua. Idadi hiyo ni ndogo mno kuthibitisha tiba, lakini hoja yake ni nzito: kumbukumbu chungu ikirejea kwa nguvu zake zote hujichimbia upya, na ikizuiwa kurejea hivyo hupata nafasi ya kufifia.