Mgeni Akija Bokoli Aone Nini?

Huko Italia, katika jimbo la Toscana, wageni huja kutazama vilima vya mizabibu na miji ya kale, kisha hula chakula nyumbani kwa mkulima. Mwaka 1985 ilitungwa sheria ya kusimamia kazi hiyo, mkulima apate fedha zaidi bila kuacha shamba lake.

Je, sisi wa Bokoli tuna nini? Jirani yetu, Webuye, maji ya mto Nzoia huanguka kwa kishindo penye maporomoko ya Nabuyole. Huko pia kuna kilima cha Chetambe, penye ngome iliyozungushiwa handaki na ukuta wa udongo. Mwaka 1895 Wabukusu walipigana hapo na jeshi la Waingereza, na wengi wakafa.

Mgeni akishuka kilimani, apewe ugali wa wimbi na kuku.

Lakini tujihadhari. Kuku akiliwa, vifaranga hukua. Handaki likilimwa na kufukiwa, wazee walioichimba ngome hiyo hawatarudi kuichimba tena. Basi jembe likae mbali nalo, na watoto wetu walione kwanza, kabla ya mgeni.